Mpiga Video na Maneno ya Vijiweni: Kweli au Si Kweli?

Kaa na wapiga video watatu nje ya ukumbi, maharusi wakiwa bado saluni, na utapewa elimu yote ya biashara hii bila ada. Utaambiwa kamera fulani ndiyo inayoleta wateja, kwamba ndugu hatozwi, kwamba pesa halisi iko kwenye mashirika, na kwamba bila droni wewe bado hujaanza. Umeyasikia. Kama kazi hii ni yako, huenda umeyasema pia. Baadhi ya maneno haya yana ukweli wa kutosha, na mengine yamewatoa sokoni vijana wenye vipaji kuliko waliobaki. Tuyapitie, hukumu kwanza, sababu baadaye.

“Bila kamera ya maana, hakuna kazi ya maana.”

Si kweli. Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alipeleka kwenye tamasha la Sundance filamu yake Tangerine, iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s zilizofungwa kilenzi cha nje, kwa msaada wa programu ya dola chache. Mwaka 2018 Steven Soderbergh, ambaye tayari alikuwa na Oscar kabatini, alitoa Unsane, iliyopigwa kwa iPhone 7 Plus. Mwaka 2025 ikaja 28 Years Later ya Danny Boyle, filamu ya mamilioni ya dola, na sehemu kubwa yake ilipigwa kwa iPhone 15 Pro Max. Na Baker? Mwaka huohuo alibeba Oscar nne kwa filamu ya Anora, ambayo aliipiga kwa mkanda wa milimita 35. Alipokuwa na simu alitumia simu, alipopata mkanda akatumia mkanda.

Sisemi uuze kamera yako. Simu ina kihisi kidogo, na ukumbini saa tatu usiku, taa za DJ zikibadilika rangi kila sekunde, picha yake hujaa chenga. Hapo kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi inayofunguka hadi f/1.8 inastahili kila shilingi. Lakini angalia mpangilio wa manunuzi: lenzi na taa kwanza, mwili mpya wa kamera baadaye. Mwili hushuka bei mara toleo jipya linapotoka, ilhali lenzi nzuri utaifunga kwenye miili mitatu au minne kabla hujaichoka. Tena hakuna bibi harusi anayeuliza ukubwa wa kihisi. Anauliza, “Video yangu nitaipata lini?” Jibu la swali hilo ndilo linaloleta wateja, na kijiweni silisikii likizungumzwa.

“Sauti si tatizo, tutairekebisha kwenye kuediti.”

Si kweli, na katika maneno yote ya kijiweni hili ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote. Mwaka 2018 watafiti Eryn Newman na Norbert Schwarz walichapisha jaribio moja la kuvutia. Waliwapa watu wawasikilize wanasayansi wakieleza kazi zao. Maneno yalikuwa yaleyale, ila wengine walipewa sauti safi na wengine sauti mbovu. Waliopewa sauti mbovu waliuona utafiti wenyewe kuwa hafifu, na mtafiti kuwa si hodari. Sasa mwondoe mwanasayansi, umweke mkurugenzi anayetangaza huduma zake kwenye video uliyompigia. Watazamaji watamshusha yeye, na yeye atakushusha wewe.

Harusini mambo ni mazito zaidi. Baada ya miaka kumi familia hairudii ile picha ya msafara wa magari ukikata kona. Inarudia sauti ya baba akimuusia binti yake, shehe akifungisha nikahi kwa sauti ya chini, bibi akipiga vigelegele kutoka kiti cha nyuma. Baba akishaondoka duniani, dakika ile moja ya wosia inakuwa na thamani kuliko albamu nzima. Ukiwa umeinasa kwa maiki ya kamera kutoka mita nane, spika ya DJ ikiwa katikati yenu, umepata midomo inayocheza tu.

Ni kweli kwamba programu za leo zinaondoa vizuri mvumo wa feni au jenereta, kwa sababu mvumo huo haubadiliki. Lakini sauti iliyopasuka kwa kuzidiwa, au iliyomezwa na muziki, hairudi. Dawa yake hutolewa kabla: maiki ndogo ya kubana kwenye koti la bwana harusi, kirekodi cha pili mezani kwa MC, waya kutoka kwenye mikisa ya DJ (mfuate mapema, na kwa heshima, yeye ndiye mwenye umeme), na hedifoni masikioni mwako muda wote. Hata Baker, katika ile filamu yake ya simu, simu alizitumia kwa picha tu. Sauti ilinaswa kwa vifaa vya kitaalamu.

“Nguo ya kuazima haisitiri maungo.”

Kwa nguo, kweli. Kwa vifaa vya video, si kweli. Panavision, kampuni ambayo lenzi zake zimepiga filamu kubwa za Hollywood tangu miaka ya 1950, haiuzi kamera wala lenzi zake, inakodisha tu. Kamera ya ARRI Alexa 65 nayo hukodishwa na wenyewe, haiko dukani. Kama watu wa bajeti zile wanakodi bila aibu, wewe unayehitaji lenzi ndefu mara mbili kwa mwaka unaogopa nini? Kodi, kisha gharama hiyo iandike kwenye ankara ya mteja. Ukiona umekodi kitu kilekile kila mwezi, sasa kinunue. Sharti ni moja: kichukue siku moja kabla ukijaribu, maana betri ya kukodi ina tabia ya kufa wakati wa keki.

“Piga 4K, fremu 60, ndiyo ubora.”

Si kweli, na kwetu huku fremu 60 zina adhabu yake. Umeme wa Afrika Mashariki huenda mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kamera iliyopangwa kwa mfumo wa Marekani, ambako umeme ni mizunguko 60, itakuletea mistari inayotambaa ukutani nyuma ya maharusi, na hakuna kuediti kutakakoiondoa kirahisi. Ingia kwenye menyu, weka PAL, fremu 25 au 50, shata 1/50 au 1/100, umemaliza. Kuhusu 4K, piga hesabu: kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45. Kamera mbili, saa nane, ni gigabaiti 720 kwa sherehe moja ambayo wageni wengi wataitazama kwenye simu. Kama mteja amelipia 4K, mpe. Kama hajalipia, diski hizo unamnunulia wewe.

“Droni ni yangu, anga ni la Mungu.”

Si kweli. Tanzania unahitaji kibali kinachohusisha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na wakubwa wa ulinzi nao wana neno lao. Kenya ina kanuni mahususi za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, chini ya mamlaka yake ya anga. Hifadhi za taifa zina masharti yake juu ya hayo. Usiahidi picha ya juu kabla karatasi haijatoka.

“Anza na bei ya chini, utapandisha ukishajulikana.”

Si kweli. Hili nalitolea hesabu, kwa sababu linasemwa na watu wazima wenye nia njema kabisa. Chukua mfano huu wa shilingi za Tanzania, kisha weka tarakimu zako.

Vifaa vyako vimegharimu 6,000,000 na utavitumia miaka mitatu, kazi 40 kwa mwaka. Kila kazi inakula 50,000 ya uchakavu, upende usipende. Msaidizi 80,000. Usafiri wa kwenda na kurudi na mabegi, 40,000. Diski za kuhifadhia, 30,000. Bando na umeme wa siku za kuediti, 20,000. Jumla 220,000, na hujajilipa hata senti. Sasa siku: moja ya kikao na maandalizi, moja ya sherehe, tano za kuediti. Ni wiki nzima.

Ukitoza 600,000 unabaki na 380,000, yaani kama 54,000 kwa siku. Unaweza kuishi. Ukitoza 200,000 “ili ujulikane”, umemlipa mteja 20,000 kwa ruhusa ya kufanya kazi yake siku saba. Kadiri unavyojulikana, ndivyo hasara inavyoongezeka.

Na huko kupandisha baadaye? Mteja wa 200,000 anakupeleka kwa shoga yake, naye anakuja na 200,000 mkononi kwa sababu ndiyo bei aliyoambiwa. Jina limekua na bei imekua nalo, pamoja, palepale chini. Ikiwa ni lazima uanze na kazi za kupata sampuli, andika bei kamili kwenye ankara, 600,000, halafu andika punguzo lake kwenye mstari wa pili. Punguzo lina mwisho, lakini bei uliyotaja kwa mdomo wako itakufuata mtaa hadi mtaa.

“Sisi ni ndugu, mkataba wa nini?”

Si kweli, na wahenga wenyewe hawako upande wa ndugu huyo. Waliosema dawa ya deni kulipa walijua deni haliulizi ukoo.

Fikiria pesa ya harusi inatoka wapi. Inatoka kwenye michango, na michango iko mikononi mwa kamati. Kamati ina mwenyekiti, mweka hazina, na maisha mafupi kama ya kumbikumbi. Siku ya kuvunja kamati nyama inaliwa, hotuba zinatolewa, na aliyekuahidi “nyingine tutamalizia baada ya shughuli” hana tena cheo wala daftari. Bwana harusi yuko fungate na anaamini ulishalipwa. Utamdai nani? Kwa hiyo kianzio cha nusu siku ya kukubaliana, sehemu kubwa ya kilichobaki kabla ya siku yenyewe, na kijisehemu cha mwisho wakati wa kukabidhi. Anayekwambia mpango huo ni wa kibahili, muulize kama ukumbi na mpishi nao walikubali kulipwa baadaye.

Mkataba si lazima uwe na mhuri wa wakili. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, saa za kufika na kuondoka, nini kitakabidhiwa na lini, marekebisho mangapi ya bure, na nini kinatokea sherehe ikiahirishwa. Hata ujumbe wa WhatsApp una uzito. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi mahakamani. Andika, mwombe ajibu “nimekubali”, hifadhi.

Kuna jambo moja ambalo wapiga video wa Kenya hasa walijue. Wengi wanaamini aliyeshika kamera ndiye mwenye hakimiliki, basi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukitaka kuiweka video hiyo kwenye ukurasa wako kutafutia wateja wengine, andika kibali hicho mapema. Ni sentensi moja.

“Nikitumia sekunde chache za wimbo si kosa.”

Si kweli. Sheria zetu hazina idadi ya sekunde za bure. Sekunde kumi, kumi na tano, thelathini, zote ni hadithi. Mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, Content ID, umekuwapo tangu 2007 na unaweza kunasa kipande kifupi tu cha wimbo. Video ya bibi harusi itanyamazishwa, itafungwa, au matangazo yake yatamlipa mwenye wimbo. Kwa video ya kampuni hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kampuni ina pesa za kudaiwa. Nunua leseni ya muziki, au mlipe kijana wa studio akutungie.

“Harusi ni za wanaoanza. Pesa iko kwenye mashirika.”

Nusu kweli. Shirika hulipa zaidi kwa siku, na halikupigii simu saa sita usiku kuuliza kwa nini shangazi haonekani. Lakini hulipa kwa mwendo wake: oda ya manunuzi, ankara, saini tatu, mhasibu yuko safarini. Miezi miwili kusubiri si ajabu. Litakuomba TIN, au PIN ya KRA ukiwa Kenya, na litakata kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 5 kwa huduma za kitaalamu za mkaazi. Hujaibiwa. Dai cheti chake, kwa sababu kiasi hicho huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Kijana asiye na TIN hushindwa kazi hizi mlangoni, video zake zikiwa hazijatazamwa hata moja.

Harusi kwa upande wake hulipa kabla ya kazi, ukishika masharti ya hapo juu. Tatizo lake ni kalenda. Wakristo wengi hawafanyi sherehe wakati wa Kwaresma, na Ramadhani, ingawa ndoa haikatazwi, shughuli husimama. Zamani msimu mmoja ukifunga, mwingine ulikuwa wazi. Sasa tazama: mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresma, ilikuwa tarehe 5 Machi. Mwaka 2026 zote mbili ziliangukia wiki moja ya Februari. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuandama siku hizohizo. Miaka mitatu mfululizo kumbi zinanyamaza kwa pamoja mwezi mzima na zaidi. Mwenye harusi tupu atakaa na kodi ya nyumba mkononi. Mwenye mashirika tupu atakaa na ankara zisizolipwa. Anayechanganya, akisukuma kazi za mashirika, shule na taasisi ziingie kwenye wiki hizo, ndiye anayelala. Ramadhani husogea kama siku 11 nyuma kila mwaka, kwa hiyo kufikia 2028 misimu hiyo itaanza kuachana.

“Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.”

Nusu kweli. Enzi ya mtaa mmoja na fundi mmoja ilikuwa kweli tupu, na sehemu yake bado inasimama: sifa ya mdomo ndiyo tangazo bora la mpiga video. Lakini chema kilichofungiwa kwenye diski hakijiuzi. Kijitembeze kidogo, na ukitembeze kwa akili. Sampuli ya sekunde 60 yenye sauti safi inafaa kuliko dakika nane za maua na viatu. Weka pia video ya aina ya kazi unayoitaka: meneja wa hoteli akiona kwenye ukurasa wako keki na maharusi tu, atakutakia heri na kutafuta mwingine. Na tafuta wale wanaojua habari za shughuli kabla yako, yaani MC, wapambaji na wenye kumbi. MC mmoja anayekuamini ana thamani kuliko matangazo ya mwezi.

“Mali bila daftari hupotea bila habari.”

Kweli, na hapa wahenga walimaliza kazi. Ile hesabu ya 220,000 haiwezekani kwa asiyeandika. Safu tatu zinatosha: kilichoingia, kilichotoka, siku ulizofanya kazi. Hiyo ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoonyesha kwamba kazi ya kampuni fulani, iliyoonekana nono, ilikula siku kumi na tano za marekebisho.

“Akiba haiozi.”

Kweli kwa nafaka. Kwa diski, kweli kwa masharti. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za watu kwenye maelfu kwa maelfu ya diski, hutangaza takwimu zake waziwazi, na miaka ya karibuni diski kati ya moja na mbili katika kila mia zimekufa kila mwaka. Hizo ziko kwenye vyumba vyenye kiyoyozi na umeme usiokatika. Yako iko kwenye begi, juu ya bodaboda. Mpiga picha Peter Krogh aliieneza kanuni rahisi miaka ya 2000: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikikaa mahali pengine. Memori kadi usiifute mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kutazamwa, maana faili linaloonekana lipo na faili linalofunguka ni vitu viwili tofauti. Harusi hairudiwi, na hakuna ankara inayoweza kurejesha wosia wa baba. Kama diski yako ya pili inalala kwenye begi moja na ya kwanza, ihamishie nyumba nyingine leo.